Kufuli Tatu

Alhamisi, baada ya magharibi, nyuma ya cherehani
za Bakiri fundi, hapa Chikongola,
tunakaa kikoba.
Majirani wanajua tunaweka hisa. Na kweli tunaweka,
elfu mbili mbili, kwenye sanduku la bati
lenye kufuli tatu,
na funguo tatu kwa watu watatu
wasiolala nyumba moja.

Mimi ni katibu. Mwandiko wangu mbaya.
Ah, nimejitoza. Shilingi mia mbili.

Ndiyo kanuni yetu ya saba, haimo kwenye fomu za kata:
anayejisema vibaya mbele ya wenzake, faini.
Na kabla ya hisa kila mtu ataje jambo lake moja jema,
lake mwenyewe,
si la mama yake, si la marehemu babu.

Mshamu alikuja wakati wa mabibo,
vidole vyeusi kwa mafuta ya korosho.
Akakaa karibu na mlango, viatu hakuvua.
Zamu yake ilipofika akasema, "Sina."
Nikaandika: Mshamu, mia mbili.
Wiki ya pili: "Mimi hasara tu." Mia mbili.
Ya tatu alikuja na sarafu mkononi, tayari,
kabla hajafungua mdomo,
kama mtu anayelipa ushuru wa kuzaliwa.

Likumbini walitufundisha kuvumilia baridi na kisu.
Tukavumilia.
Hawakutufundisha la kufanya
ukiwa na miaka kumi na tisa, na aliyeuteka moyo wako
ni yule uliye naye juu ya jukwaa la ujenzi,
unayemrushia tofali naye akalidaka,
akacheka, akasema, lete jingine.

Mfaume, yeye moyo wake una milango miwili,
wa barazani na wa uani.
Wanamwambia achague. Anajibu:
nyumba ni moja, mnataka nizibe upi,
wageni wangu wapite dirishani?

Machi, mvua. Mtu akaandika lile neno kwa mkaa
kwenye mlango wa baba yake Mshamu, kule Magomeni.
Mvua ikalifuta.
Baba alikuwa ameshalisoma.

Akaja na godoro kichwani, limelowa,
mchana kweupe, mji mzima ukimtazama.
Akasimama kizingitini. "Nisameheni," akasema,
"mimi ni mzigo."
Bakiri hakuinua macho kwenye sindano:
"Mia mbili."
Mshamu akacheka. Akacheka mpaka akalia,
na godoro bado liko kichwani.

Funguo zilifika ndani ya nusu saa.
Chilumba kutoka lindoni Ligula, na sare yake,
Mfaume na unga wa mikate viwikoni,
na wangu.
Kodi ya miezi miwili. Ndoo. Chandarua.
Mama yake Bakiri hakuuliza kitu;
alihesabu vichwa, akaongeza ming'oko chunguni.

Msinitungie methali ya korosho,
ganda lachoma, kiini kitamu. Tumeisikia.
Mshamu si kiini cha kungojewa kibanguliwe.
Ni Mshamu, na ganda lake.

Alhamisi iliyopita alivua viatu.
Zamu ikafika. Akavitazama vidole vyake, muda mrefu,
cherehani zote kimya.
"Najua kubangua," akasema. "Punje inatoka nzima."
Tukangoja, maana alikuwa hajamaliza.
"Nina mikono mizuri."

Nikaandika. Kalamu ilitetemeka kidogo.
Unasomeka.

Chilumba anahamia Masasi, amepata kazi.
Ufunguo wake wenye kamba nyekundu
sasa uko shingoni kwa Mshamu, chini ya shati.
Hatukumpa kwa huruma. Tulipiga kura.
Anaugusa akipita sokoni, nimemwona,
akipita mbele ya wale wanaopiga miluzi.

Sanduku halifunguki bila yeye.